Kufuli Tatu na Mkoba wa Mama Mkurugenzi

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo ambayo Marekani hutoa nje. Siku chache baadaye barua za kusimamisha kazi zilianza kuzifikia asasi za huku kwetu. Tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kuwa asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa, na Julai mosi shirika lenyewe likafunga shughuli zake. Walioathirika hawakuwa wazembe tu. Walikuwamo wenye hati safi za ukaguzi miaka nenda miaka rudi, na walikuwamo wakurugenzi wanaosifiwa kila jukwaa. Ndiyo maana lile swali tulilozoea kulisikia kwenye semina, la kama asasi husimama kwa udhibiti au kwa uongozi, safari hii halijibiki kirahisi.

Nimewakalisha mezani watu watatu wa kubuni: mwanzilishi ambaye pia ndiye mkurugenzi, mhasibu wake, na mjumbe wa bodi aliyestaafu kazi ya benki. Asasi yao nayo ni ya kubuni, iko mji wa pwani, inasomesha mabinti na kulea vikundi vya kuweka na kukopa. Mifano ya nje watakayoitaja ni ya kweli.

MWANZILISHI: Nianze mimi, maana ndiye ninayesemwa. Kazi hii niliianza na mabinti kumi na wawili sebuleni kwangu. Hapakuwa na sera ya manunuzi wala fomu ya masurufu. Mfadhili wa kwanza hakuniuliza mwongozo wa fedha, aliuliza mimi ni nani, akaenda kuwauliza majirani. Leo huyu mwanangu anataka niombe ruhusa kununua daftari.

MHASIBU: Mama, daftari nunua. Nilichosema ni kwamba malipo yanayokwenda kwako yasiidhinishwe na wewe.

MWANZILISHI: Unasikia lugha hiyo? Kana kwamba mimi ni mwizi.

MHASIBU: Hapana, Mama. Ila nikukumbushe tunachowafundisha kina mama wa vikundi. Mfumo ule ulianzia Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, na leo uko kila kijiji. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe analala nalo mtu wa nne. Fedha hazitoki mpaka wote wafike. Tunawatoza faini wakichelewa! Halafu tunarudi ofisini. Tokeni ya benki, nywila yake na hundi zilizokwisha kusainiwa na mtia saini wa pili vyote vimo kwenye mkoba mmoja.

MWANZILISHI: Mkoba wangu.

MHASIBU: Mkoba wako, Mama.

MJUMBE: Hundi zilizosainiwa zikiwa tupu? Hiyo saini ni ya nani?

MHASIBU: Yako, Mzee.

MWANZILISHI: Alisaini ishirini kwa mpigo kabla ya kwenda Hija. Lakini tusicheke tukasahau hoja. Mnadhani lile sanduku linalindwa na kufuli? Wenye funguo watatu wakiwa ndugu wa tumbo moja, kufuli kumi hazitasaidia. Linalindwa na kujuana. Yule mama akiiba ataionaje sura ya jirani yake kisimani? Huo ni uongozi na uaminifu. Kufuli ni pambo.

MJUMBE: Kuna kitu umekiruka, dada yangu. Kila wanapokutana huhesabu fedha kwa sauti mbele ya wote, na wanachama hukariri salio la mwisho. Wiki inayofuata, kabla ya jambo lolote, mwenyekiti anauliza: tuliacha shilingi ngapi? Asiyejua kusoma naye anajibu. Hapo kufuli na kujuana vimekuwa kitu kimoja. Sisi bodi ukituuliza sasa hivi asasi ina shilingi ngapi, hakuna atakayejibu.

Nimwache mzee apumue. Alichokigusa kina wataalamu wake. Mwaka 1995 Robert Simons wa Harvard aliandika kuwa meneja ana nyenzo nne za kuongozea shirika: imani linazozishikilia, mipaka isiyovukwa, vipimo vya kujua kama mambo yanakwenda, na zile takwimu chache ambazo kiongozi mwenyewe hukaa na watu wake kuzijadili mara kwa mara. Asasi zetu zina imani tele ukutani, chini ya nembo. Mipaka imo kwenye mwongozo wa kurasa tisini. Vipimo vinajazwa kila robo mwaka kwa ajili ya mfadhili. Hiyo ya nne ndiyo wanawake wa sanduku la kufuli tatu wanayo, na ofisi haina.

MWANZILISHI: Basi tuseme na hiyo mipaka. Mafuriko yamekuja, watoto wamelala shuleni, mimi nahitaji magodoro leo. Mwongozo unasema nilete profoma tatu. Maduka ya magodoro mjini kwetu ni mawili! Kwa hiyo mwenye duka anachapa profoma tatu, anagonga mihuri mitatu, mbili zinaonyesha bei ya juu, moja ya chini. Nampa mhasibu, anaweka kwenye faili, mkaguzi anakuja anaweka tiki. Nani kadhibitiwa hapo?

MHASIBU: Hakuna. Nakubaliana nawe kabisa, Mama.

MWANZILISHI: Eti unakubaliana?

MHASIBU: Mimi ndiye ninayezipanga hizo karatasi, sina ninachokificha. Nina karatasi za mahudhurio za semina ya siku tatu ambayo siku ya tatu ukumbi ulikuwa na watu wanane, na posho imesainiwa na thelathini. Mwandiko mmoja, kalamu tofauti. Mfadhili anadai saini, anazipata. Anataka fedha iishe kabla ya tarehe 31 Desemba, inaisha. Mwezi wa kumi na mbili tunafanya warsha hata ya mambo tuliyoyafanyia warsha mwezi wa sita. Kwenye mwongozo tungeandika kwamba profoma ikikosekana, mkurugenzi na mjumbe mmoja wa bodi watasaini maelezo ya nusu ukurasa ya kwa nini, tungekuwa na karatasi moja ya kweli badala ya tatu za uongo.

MJUMBE: Nusu ukurasa huo wafadhili wangeukubali?

MHASIBU: Wengi wanaukubali, Mzee. Hatujawahi kuuliza. Tunaogopa kuonekana hatuna mifumo.

MWANZILISHI: Kwa hiyo tumekubaliana makaratasi hayaokoi kitu. Kinachookoa ni mtu.

Hapa ndipo mjadala wa namna hii hupenda kwenda kombo, kwa hiyo nauingiza mfano wa London. Kids Company ilianzishwa mwaka 1996 na Camila Batmanghelidjh, mwanamke wa haiba ya kipekee aliyeweza kuingia ofisi ya waziri mkuu na akatoka na fedha, chama chochote kikiwa madarakani. Watoto waliokataliwa kila mahali waliingia kwake bila kuandikiwa barua. Mamilioni ya pauni yaliingia kutoka serikalini na kwa matajiri, yakatoka kwa kasi ileile. Mahesabu yalikaguliwa kila mwaka, na onyo kwamba akiba haipo lilirudiwa. Mwaka 2015 ilipoomba pauni milioni 3 zaidi, ofisa mkuu wa wizara husika aligoma kulipa mpaka mawaziri waamuru kwa maandishi. Waliamuru. Fedha zikatolewa mwishoni mwa Julai, na tarehe 5 Agosti asasi ikafungwa, wazazi na watoto wakibaki mlangoni.

MHASIBU: Sina la kuongeza. Wajumbe wa bodi walimpenda mno kiasi cha kushindwa kumwambia hapana.

MWANZILISHI: Usikimbilie kufunga faili, mwanangu. Habari hiyo nami naijua, na imeachiwa katikati. Kilichowafukuza wafadhili siku zile za mwisho ni tuhuma kwamba watoto walidhuriwa pale. Polisi walichunguza, hawakupata ushahidi. Mwaka 2021 serikali ilipotaka yeye na wajumbe wa bodi wazuiwe kuongoza makampuni, Mahakama Kuu ilikataa, na jaji akasema kuwa pengine asasi ingenusurika kama tuhuma zile zisingekuwapo. Yule mama alisafishwa. Alifariki Januari mosi 2024 watu wakiwa bado wanamtaja kama mfano mbaya darasani. Hilo nalo ni dhuluma.

MJUMBE: Na mwaka uliofuata hukumu hiyo, msimamizi wa asasi za hisani wa kule akatoa taarifa yake akasema usimamizi ulikuwa mbovu: madeni kwa serikali na kwa wafanyakazi yalikuwa yakichelewa kulipwa. Maneno yote mawili ni kweli, dada yangu. Mahakama ilisema si mwizi wala si mzembe wa kuadhibiwa. Lakini nyumba iliyojengwa sawasawa inahimili uvumi wa wiki mbili. Ile haikuwa na wiki mbili.

MWANZILISHI: Wiki mbili za nini?

MJUMBE: Za mishahara. Na sisi tunazo ngapi?

MHASIBU: Nijibu, Mama?

MWANZILISHI: Jibu. Taarifa ya benki niliiona Ijumaa, tuna milioni mia mbili na arobaini.

MHASIBU: Benki zipo milioni 240. Milioni 150 ni za mradi wa mabinti, haziruhusiwi kugusa kingine. Milioni 70 ni za vikundi. Milioni 14 ni kodi ya mapato ya wafanyakazi na michango ya hifadhi ya jamii ambayo hatujaipeleka, hiyo hata si yetu. Zetu zenyewe ni milioni 6. Kodi ya ofisi, umeme, mlinzi, mimi na wewe, kwa mwezi ni milioni 18.

MJUMBE: Yaani siku kumi.

MHASIBU: Kumi, Mzee. Na hizo 6 zipo kwa sababu mwezi wa pili mradi wa vikundi ulikopesha mradi wa mabinti, mfadhili wa mabinti alipochelewesha awamu yake. Mama aliniambia kwa simu: hamisha, utarudisha. Nilihamisha. Nikarudisha nusu.

MWANZILISHI: Mabinti walikuwa wanafukuzwa shule kwa ada! Ningewaambiaje? Subirini mfadhili apitishe ripoti?

Wahasibu wa asasi wakikutana, hadithi ya kukopeshana miradi kila mmoja anayo. Haianzi kwa wizi. Huanza kwa awamu iliyochelewa na mkurugenzi mwenye huruma, kisha inakuwa mazoea, na siku mfadhili mmoja anapojitoa ndipo inagundulika kuwa mradi wake ulikuwa umebeba mingine miwili. Hapo neno wizi linaingia, na hati ya ukaguzi inachafuka kwa kosa ambalo kila mtu ofisini alilijua. Udhibiti uliokuwapo ulitengenezwa kumhakikishia kila mfadhili usalama wa fedha zake peke yake. Hakuna aliyetengeneza wa kuuliza kama asasi nzima itafika mwezi ujao. Mimi, tukifika hapa, naegemea kwa mhasibu, ingawa mara nyingi wenzake wa kazi hukagua risiti ya soda na hatari kubwa ikawapita.

MJUMBE: Nilisoma kitu cha watafiti wawili wa Marekani, Tuckman na Chang, cha mwaka 1991. Walitaja dalili nne za asasi iliyo hatarini kifedha. Akiba ndogo. Vyanzo vichache vya mapato. Mapato na matumizi yanayolingana bila ziada. Hayo matatu hata mwenye genge anayajua. La nne ndilo lilinishangaza: gharama ndogo za utawala.

MWANZILISHI: Ndogo? Si ndizo tunazojisifia kwenye kalenda zetu? Asilimia tano tu ya utawala, zilizobaki zote kwa walengwa!

MJUMBE: Wao walitazama hivi: mapato yakishuka, mwenye utawala mnene kidogo ana pa kupunguza kabla ya kugusa huduma. Aliyekonda, kisu kikipita kinakata mfupa.

MHASIBU: Na anayetukondesha ni nani? Sheria za ruzuku za serikali ya Marekani ziliruhusu asasi isiyo na makubaliano yake maalumu kudai asilimia 10 tu kwa ajili ya gharama zisizo za moja kwa moja. Oktoba 2024 wakapandisha hadi 15. Miezi minne haikupita, fedha zenyewe zikakatwa. Wafadhili wengine hawatoi hata hiyo 10. Wanataka mahesabu ya kiwango cha juu lakini mshahara wa mhasibu hawaulipi. Mimi nimegawanywa kwenye miradi mitatu, kila mmoja unalipa theluthi, na hakuna anayelipa siku ninazofanya kazi ya asasi yenyewe.

MWANZILISHI: Hilo nilisema mimi kwa miaka, mkaniita mlalamishi.

MJUMBE: Ulilalamika kwetu, dada yangu. Kwao ukasaini.

MWANZILISHI: Ningekataa, mngefunga ofisi. Haya, tuseme tupate ziada. Mhasibu anataka akiba ya miezi mitatu, milioni 54 zilale benki. Mimi nina binti pale nje, mama yake ameuza cherehani, anahitaji laki nne arudi shule. Nimtazame usoni nimwambie fedha ipo lakini ni ya akiba? Akiba ya nani, kama si yake?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote mezani, na sipendi namna vitabu vya uongozi vinavyolipita haraka. Mwanzilishi hakosei. Mtu anayechangia anataka shilingi yake imfikie binti, na sheria nazo zimejengwa kwa shaka kwamba haitamfikia. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018, kwa mfano, zinaitaka asasi itangaze fedha ilizopokea, na mkataba unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili. Uwazi huo una faida yake. Ila jicho lote liko kwenye fedha inayoingia na kutoka, na asasi inayotunza akiba huishi kwa hofu ya kuulizwa inaficha nini.

MJUMBE: Kwani hili kwetu ni geni? Babu zetu hapa pwani waliweka wakfu. Mtu ana nyumba au shamba la minazi, anasema hii haiuzwi, hairithiwi, pato lake ni la msikiti, la kisima, la wanafunzi wa chuo. Yatima wa mwaka ule alikuwepo mlangoni vilevile, na mnazi haukukatwa kumlisha. Alikula nazi, na aliyekuja baada yake akala.

MWANZILISHI: Na mamutawali wangapi waliugeuza wakfu kuwa mali ya watoto wao? Unadhani Zanzibar na Kenya ziliunda kamisheni za wakfu kwa kupenda vikao?

MHASIBU: Hapo umenisaidia, Mama. Mali ilikuwepo, uchaji ulikuwepo, na bado ikabidi awepo mtu wa kumuuliza mutawali.

MWANZILISHI: Nimekusaidia bila kukusudia. Ila mnanitajia walioanguka tu. Yuko mwanzilishi aliyesimama?

MHASIBU: Fazle Hasan Abed wa Bangladesh. Alianzisha shirika la BRAC mwaka 1972 baada ya vita, akauza nyumba yake ya London apate mtaji. Alikuwa nani kabla? Mkuu wa fedha wa kampuni ya Shell ya Pakistan ya wakati ule. Mhasibu, Mama.

MWANZILISHI: Sasa naona kwa nini unampenda.

MHASIBU: Sikiliza alivyodhibiti. Kuanzia 1980 walimu wake waliingia nyumba kwa nyumba kuwafundisha kina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru kwa mtoto anayeharisha. Kwa miaka kumi, kaya zaidi ya milioni 12. Malipo ya mwalimu hayakutegemea saini za mahudhurio. Baadaye mtu mwingine alirudi kwenye baadhi ya nyumba zilezile, akamuuliza mama anakumbuka nini. Mama akikumbuka vizuri, mwalimu analipwa vizuri. Na walipoona kwamba kina mama wanayajua maji hayo lakini hawayatumii, waliwageukia walimu wao, wakakuta wenyewe hawayaamini. Wakabadilisha mafunzo.

MJUMBE: Hapo kweli hakuna pa kugonga mihuri mitatu.

MHASIBU: Tena alikuwa na maduka ya Aarong tangu 1978, baadaye na benki, ili mfadhili mmoja akiondoka kazi isife. Hull House ya Chicago, aliyoianzisha Jane Addams na mwenzake mwaka 1889, ilikuwa na jina kubwa kuliko BRAC. Ilitegemea mno fedha za serikali, na Januari 2012 ikafunga.

MWANZILISHI: Maduka tulijaribu. Mgahawa ule ulikula mtaji mwaka mmoja. Kila semina wanatuimbia miradi ya kujitegemea, kana kwamba kila mwenye huruma ni mfanyabiashara. Na sasa nami niulize. Mzee, bodi inakutana mara ngapi?

MJUMBE: Mara nne kwa mwaka.

MWANZILISHI: Katika vikao vyote hivyo, mmewahi kukataa ombi langu lolote?

MJUMBE: Sikumbuki.

MWANZILISHI: Kwa sababu halipo. Mnafika saa nne, mnakunywa chai, mnapitisha, mnasaini nauli. Makabrasha mnayafungulia mezani. Mnanilaumu kwamba nimekuwa kila kitu, na kila nilipotazama pembeni kiti kilikuwa kitupu. Huyu kijana nilimwambia ahamishe fedha, akahamisha. Kwa nini hakukupigia simu wewe?

MHASIBU: Namba ya Mzee nilikuwa nayo. Niliogopa kazi.

MJUMBE: Kemea, dada yangu, una haki. Basi kikao kijacho nataka ukurasa mmoja tu: fedha zetu zisizo na masharti, miezi zitakayotufikisha, sehemu ya mapato inayotoka kwa mfadhili mkubwa kuliko wote, na miradi inayodaiana. Tuijadili kabla ya chai. Na mhasibu akiambiwa ahamishe, anipigie kabla hajahamisha. Wewe ukikasirika, nikasirikie mimi.

MWANZILISHI: Nakubali, ila binti anayesubiri nje asiingizwe kwenye miezi mitatu yenu. Tengeni mfuko wa dharura, mdogo, wenye kikomo, nisiouliziwa.

MHASIBU: Uwe na kikomo, na uulizwe baadaye.

MWANZILISHI: Baadaye sawa.

MJUMBE: Kuna jambo moja kuhusu Abed ambalo kijana hakulisema. Mwaka 2001 alikiacha kiti cha ukurugenzi mtendaji akiwa na miaka 65, akabaki mwenyekiti, na BRAC ikaendelea. Wewe una miaka mingapi?

MWANZILISHI: Sitini na tatu. Na hilo lisiingie kwenye muhtasari.

MJUMBE: Muhtasari siandiki mimi.

MHASIBU: Nimeshaliandika, Mama.